Kusoma makala nzima za utafiti wa afya bila kulipa, ukiwa kituoni au wilayani hapa Uganda

Kama unafanya kazi ya afya ya jamii hapa kwetu, uwe ofisi ya DHO (afisa wa afya wa wilaya), uwe HC III (kituo cha afya cha daraja la tatu) ya ndani kabisa, uwe na shirika dogo kule Yumbe au Adjumani, hii hali unaijua vizuri. Unatafuta kitu Google, unaipata makala yenyewe kabisa, kichwa chake utafikiri kimeandikwa kwa ajili ya wilaya yako, unabonyeza, unasoma muhtasari wa mistari kumi alafu unaambiwa ulipe. Dola 30, saa zingine 40, kwa makala moja tu. Hiyo ni zaidi ya laki moja ya Uganda kwa kurasa nane, na hakuna inchaji (mkuu wa kituo) atakayesaini hiyo rikwizisheni.

Sasa wengi wetu tunafanya nini, tunasoma muhtasari peke yake na tunauweka kwenye ripoti. Hii ndo inaniuma sana manake muhtasari hautoshi kabisa kwa mtu anayepanga kazi. Muhtasari utakwambia mradi ulipunguza malaria kali kwa watoto, lakini hautakwambia kwamba kila VHT (mhudumu wa afya wa kijijini) alikuwa anapewa pesa ya boda, msimamizi alikuwa anamtembelea kila mwezi na dawa hazikuisha stoo muda wote wa utafiti. Hayo yako ndani, kwenye sehemu ya mbinu na kwenye majedwali. Ukibeba matokeo ukaacha masharti yake, utapanga kitu kwa parish zako alafu mwaka ukiisha utajiuliza mbona hakijafanya kazi. Na kuna jambo lingine, damu iliyopimwa kwenye tafiti nyingi hizi ni ya watoto wetu, na waliokaa masaa wakijibu maswali ni kina mama wa vijiji vyetu, kwa hivyo nesi au afisa anayewahudumia watu haohao lazima aweze kusoma kilichoandikwa juu yao.

Kitu ambacho watu wengi hawajaambiwa ni kwamba makala nyingi sana kuhusu afya ya Uganda zinapatikana bure na kwa halali kabisa, ni vile tu haziko pale ulipobonyeza mara ya kwanza. Nitaeleza kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, naanza na ile ya haraka naenda hadi ile inayotaka subira.

PubMed kwanza, lakini jua unachoandika

PubMed ni ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, haina malipo, haidai akaunti, ina rekodi zaidi ya milioni 37. Watu huichanganya na PubMed Central, ile inayoitwa PMC kwa kifupi, na ni vitu viwili. PubMed ni orodha: jina la makala, waandishi, muhtasari. PMC ndo ghala lenyewe, ilifunguliwa mwaka 2000, na kila kilichoko humo unakisoma chote mwanzo mwisho bila kulipa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme unataka kujua VHT wakipewa vipimo vya haraka vya malaria wanavitumia vizuri kiasi gani. Mtu akiingia PubMed anaandika "VHT malaria", anapata vichache, anafunga anasema hakuna kitu. Shida ni kwamba VHT ni jina letu sisi, dunia nzima wanawaita "community health workers", na hata hapa Uganda tafiti za miaka ya 2000, wakati wa ule mpango wa kutibu homa nyumbani, ziliwaita "community medicine distributors". Sasa andika hivi:

("village health team*" OR "community health workers" OR "community medicine distributor*") AND malaria AND Uganda

Alama za kunukuu zinashika maneno yakae pamoja, ile nyota inakamata umoja na wingi, OR na AND ziandike kwa herufi kubwa, na mabano yasikose manake bila mabano mashine inajichanganyia tu. Ukipata nyingi mno ongeza neno kama "rapid diagnostic". Ukipata chache toa Uganda weka Kenya, Tanzania, Rwanda, hali za vijiji vyao hazitofautiani sana na zetu.

Upande wa kushoto kuna vichujio, kwa simu vimejificha nyuma ya kitufe cha "Filters". Hapo kuna "Free full text". Ukikibonyeza zinabaki zile za bure tu. Lakini ushauri wangu ni usianze nacho. Angalia orodha yote kwanza, chagua tano au sita ambazo kweli zinajibu swali lako, ndo uanze kutafuta kila moja inapatikana wapi. Ukianza na kichujio utasoma kilicho rahisi kupatikana badala ya kile unachokihitaji, na pengine ile makala kubwa ya swali lako iko Hinari (nitaieleza mbele) inakusubiri na wewe umeshaifuta kwenye orodha kwa mkono wako.

Ukifungua makala moja angalia vitufe vya juu kulia. Kama kuna cha PMC, bonyeza hicho, usihangaike na kile cha mchapishaji. Alafu hapa kuna siri ya bando: usikimbilie PDF. PMC inakuonyesha makala yote kama ukurasa wa kawaida wa intaneti, na mara nyingi huo ukurasa ni mwepesi kuliko PDF yenye picha na ramani za rangi. Tangu Julai 2021 data yetu inakatwa ushuru wa asilimia 12, kila MB ina bei yake, kwa hivyo soma ukurasa kwanza, PDF daunlodi tu ile utakayoitunza.

Makala ikiwa imefungwa, shuka chini ya ukurasa uangalie "Similar articles" na "Cited by". Mara nyingi utafiti mmoja mkubwa huwa na makala tatu nne, moja imefungwa, lakini ile ya kueleza mpango wa utafiti iko kwenye jarida huria (lisilomtoza msomaji), na ile ya gharama iko kwenye jarida lingine huria. Ukizisoma hizo mbili unakuwa umepata karibu kila kitu.

Na usikate tamaa na makala iliyofungwa leo. Tafiti nyingi za HIV, TB na malaria hapa zinalipiwa na NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, na tangu 2008 sheria yao ilikuwa makala ziwekwe PMC ndani ya miezi 12 baada ya kuchapishwa. Sera mpya imeondoa huo muda wa kungoja kwa makala zilizokubaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2025, yaani siku inachapishwa ndo siku inatakiwa iwe wazi. Wafadhili wengine kama Wellcome na Gates nao wana masharti ya namna hiyo. Kwa hivyo mwisho wa makala angalia nani alilipia, ukiona moja ya majina hayo, nakala ya bure ama iko ama inakuja.

Google Scholar na nakala zilizojificha

Kama PMC haina, chukua kichwa chote cha makala, kibandike Google Scholar kikiwa ndani ya alama za kunukuu. Angalia kulia kama kuna linki ya PDF. Kama hakuna, chini ya kila jibu kuna maandishi madogo yanayosema "All 7 versions" au namba nyingine, bonyeza hapo. Watu wengi hupita hayo maandishi bila kuyaona na hapo ndo penye mali, manake waandishi huweka nakala zao kwenye hazina za vyuo vyao. Mfano mzuri kwetu ni ile taasisi ya utafiti ya Entebbe, MRC/UVRI, ambayo tangu 2018 iko chini ya London School of Hygiene and Tropical Medicine: makala zao nyingi ziko kwenye hazina ya LSHTM Research Online, na ukiingia huko moja kwa moja ukaandika Masaka au Kalungu au Entebbe utasoma mpaka uchoke.

Nakala hizo saa zingine ni ile ambayo mwandishi aliituma baada ya kupitiwa na wataalamu, haijapangwa kurasa vizuri, majedwali yote yako mwisho. Isikusumbue, namba ni zilezile. Ukinukuu tu, nukuu jarida lenyewe.

Kama unatumia kompyuta weka Unpaywall kwenye Chrome au Firefox. Ni kitu kidogo cha bure, kilitoka 2017, kazi yake ukifungua ukurasa wa makala kinatafuta chenyewe kama kuna nakala ya halali mahali popote, kikipata kufuli la pembeni linakuwa kijani, unabonyeza unasoma. Kwa simu, chukua ile namba ya DOI, namba ya utambulisho wa makala, ile inayoanza na 10 alafu nukta, ibandike kwenye tovuti ya Europe PMC au CORE. Inafanya karibu kazi ileile.

Hinari, na hapa soma polepole

Hii ndo kubwa kuliko zote na ndo wilaya nyingi zinaiacha ikae bure. Hinari ilianzishwa na WHO pamoja na wachapishaji wakubwa mwaka 2002, na sasa iko ndani ya kitu kinaitwa Research4Life. Wachapishaji wanaouzia vyuo vya Ulaya na Marekani kwa pesa nyingi wanakubali nchi maskini zisome bure au kwa bei ndogo. Nchi zimegawanywa makundi mawili, kundi A hawalipi chochote, kundi B taasisi inalipa ada kidogo kwa mwaka. Uganda iko kundi A. Narudia kwa sababu nimeona watu hawaamini: Uganda hatulipi.

Lakini kuna sharti, Hinari haisajili mtu binafsi, inasajili taasisi. Chuo, hospitali, taasisi ya utafiti, ofisi ya serikali, shirika la ndani lisilo la kiserikali, hao wote wanaruhusiwa kuomba. Kwa hivyo ofisi ya afya ya wilaya inaweza kuomba, hospitali ya misheni inaweza kuomba, na shirika lenu la ndani hapo Arua linaweza kuomba.

Kabla ya kuomba upya, uliza kwanza kama mnayo tayari. Nimeshakutana na hii zaidi ya mara moja, hospitali imesajiliwa miaka iliyopita, paswadi alikuwa nayo mtu mmoja, akahamishwa kwenda wilaya nyingine, na tangu siku hiyo hakuna anayejua. Uliza mkutubi kama mnaye, uliza mtu wa IT, uliza ofisi ya mkurugenzi, uliza yule biostatistician (mtu wa takwimu). Mkikosa kabisa waandikieni Research4Life kwa imeili ya ofisi muwaulize kama jina la taasisi yenu liko, watawaambia.

Kama hamna, ingia research4life.org ujaze fomu ya usajili. Itataka jina la taasisi, anwani, aina ya taasisi, mkuu wake na mtu wa kuwasiliana naye. Tumia imeili ya ofisi kama ipo. Majibu hayaji siku hiyohiyo kwa sababu wanahakiki, basi omba leo wakati huna haraka, usingoje mpaka mlipuko umetokea ndo uanze kujaza fomu. Na weka mtu wa mawasiliano ambaye hatahama kesho, au wawe wawili.

Mkishapata, kila mfanyakazi na kila mwanafunzi wa taasisi anaruhusiwa kutumia, hata akiwa nyumbani. Sasa hapa ndo wengi wanakwama. Wanaingia Google, wanapata makala, wanabonyeza, wanaona bei ileile ya dola, wanasema Hinari haifanyi kazi. Mchapishaji hawezi kujua kwamba wewe ni mtu wa Hinari kama umefikia kwake kupitia Google. Lazima uanze kwa mlango wao: ingia Research4Life, weka jina na paswadi, alafu ukiwa humo ndani ndo utafute jarida au makala, na kila linki ufuate ile ya humo ndani. Ukifanya hivyo bei zinapotea.

Sio kila jarida limo, kuna wachapishaji wanaobakiza machache nje, kwa hivyo ukikosa moja usidhani umekosea. Na humo ndani sio Hinari peke yake, kuna AGORA ya FAO kwa mambo ya chakula na kilimo, mtu wa lishe aifungue hiyo, kuna OARE ya mazingira kwa watu wa maji na vyoo, na GOALI kwa sheria, ambayo itamfaa anayeshughulikia haki za wakimbizi au sheria za tumbaku.

Paswadi msiirushe kwenye group la WhatsApp la wilaya nzima, wala msidaunlodi jarida zima kwa mkupuo. Wachapishaji wanaona, na wakifunga wanafungia taasisi yote, hata yule mkunga aliyekuwa anasoma makala moja tu kwa wiki.

Zima VPN

Hii niliona niiweke peke yake. Hapa Uganda tangu Facebook ifungwe Januari 2021 watu wengi VPN imewashwa masaa yote, mtu hata amesahau kama iko. Sasa majarida mengine yanakupa bure kwa kuangalia tu unaingia kutoka nchi gani. Maktaba ya Cochrane, zile tathmini kubwa zinazojumlisha tafiti nyingi, kwa nchi za kipato cha chini inafunguka bila paswadi. New England Journal of Medicine nayo ina mpango wa namna hiyo kwa nchi maskini. Ukiwa na VPN inayosema uko Uholanzi au Marekani, watakutoza kama mtu wa Uholanzi au wa Marekani. Zima, fungua upya ukurasa, ujaribu tena.

Kwa mtu wa malaria hii si kitu kidogo. Ule utafiti wa kaskazini mwa Uganda ulioonyesha vimelea vinavyostahimili artemisinin ulitoka kwenye hilo jarida la New England, Septemba 2021. Kila mtu anayetoa Coartem, dawa ya malaria ya jamii ya artemisinin, kutoka Gulu hadi Kitgum angestahili kuusoma wote, pamoja na majedwali yake.

Majarida yasiyofungwa kabisa, na vya nyumbani

Kuna majarida hayana mlango wowote, unaingia tu. Yale yote ya PLOS, yale ya BMC kama BMC Public Health na Malaria Journal, Lancet Global Health, Bulletin ya WHO, Emerging Infectious Diseases na MMWR za CDC. Wakati aina mpya ya Ebola ilipogunduliwa Bundibugyo, makala ya wanasayansi walioitambua ilitoka PLoS Pathogens mwaka 2008 na imekuwa wazi kwa kila mtu tangu siku ya kwanza. Mtu wa Bundibugyo mwenye simu anaisoma sawasawa na mtu wa Atlanta.

Alafu vya nyumbani, jamani vya nyumbani tunavisahau. African Health Sciences ni jarida la Makerere, lilianza 2001, liko bure PMC na pia African Journals Online, ile AJOL, ambako kuna mamia ya majarida ya Afrika ambayo mengine huwezi kuyakuta PubMed. Pan African Medical Journal nayo ni huria. Kwa milipuko angalia jarida la robo mwaka la taasisi ya taifa ya afya ya umma, UNIPH, humo vijana wa mafunzo ya epidemiolojia wanaandika uchunguzi wao wilaya kwa wilaya: kipindupindu, kimeta, surua, sumu ya chakula shuleni. Ukipewa kazi ya kuchunguza mlipuko wa kimeta, hakuna makala ya Ulaya itakusaidia kuliko ripoti ya mtu aliyefanya hiyo kazi kwa ng'ombe na wachinjaji wa hapahapa.

Na hazina ya tasnifu za Makerere. Mwanafunzi wa MPH (shahada ya uzamili ya afya ya umma) anachukua wilaya moja, swali moja, anaandika kurasa 80. Nyingi haziwi makala za jarida kamwe, lakini unaweza kukuta wilaya yako imeshahesabiwa tayari, dodoso liko nyuma kama kiambatisho, unaweza kulitumia tena ukitaja mwenyewe. Ongeza ripoti za UDHS, ule utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya, za UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, miongozo ya tiba ya Uganda kwenye maktaba ya mtandaoni ya Wizara ya Afya, na IRIS ambayo ni hazina ya WHO. Hizi zote ni bure na mwongozo mzuri saa zingine unatosha, huhitaji tena kufukuza makala 20 zilizotumika kuuandika.

Ukikwama, muandikie mwandishi

Watu wanaogopa hii na hakuna sababu. Pesa ile ya dola 30 haiendi kwa mwandishi, inaenda kwa mchapishaji, na mwandishi karibu siku zote anaruhusiwa kumtumia mtu mmoja mmoja nakala yake. Tena anafurahi, manake mtu wa wilaya anayetaka kuitumia kazi yake hakutani naye kila siku. Imeili yake iko kwenye ukurasa wa makala, tafuta "corresponding author", au PubMed bonyeza "Affiliations". Kama yuko ResearchGate, mtandao wa watafiti, kuna kitufe cha kuomba nakala.

Andika fupi, kwa Kiingereza cha kawaida: wewe ni nani na unafanya kazi wapi, jina kamili la makala, kwa nini unaihitaji kwa sentensi moja, na ahsante. Usianze na salamu za kurasa mbili na usiombe makala sita kwa mpigo. Kama mmoja wa waandishi ni Mganda, anza na yeye, saa zingine yuko Mulago au Mbarara tu, na mkishajuana anaweza hata kukujibu maswali ya namba. Wiki ikipita kimya mkumbushe mara moja, ikishindikana jaribu mwandishi wa mwisho kwenye orodha, huyo mara nyingi ndo bosi wa utafiti na imeili yake haibadiliki.

Njia nyingine ni maktaba ya mtu. Maktaba ya tiba ya Sir Albert Cook iko Mulago, na vyuo vingi vya hapa vinanunua majarida kwa pamoja kupitia umoja wao wa maktaba, CUUL. Kama una mwanafunzi wa mazoezi kituoni kwako kutoka chuo chochote, yeye ana akaunti, mkae naye msome pamoja, na yeye atajifunza. Na ukiwa Kampala kwa semina, pita maktaba uulize mkutubi utaratibu wa wageni. Wakutubi wetu wanajua mambo mengi ambayo hakuna anayewauliza.

Kulipa iwe ya mwisho kabisa, na ukilipa iwe ofisi. Kama kazi yenu inahitaji makala kila wiki, ingizeni mstari mdogo wa hiyo kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo, wafadhili huwa wanaukubali. Zile saiti za maharamia zinazotoa kila kitu sizishauri, ni kuvunja haki za watu, ofisi ya serikali haiwezi kujitetea nazo, na kwa nchi iliyoko kundi A hakuna haja.

Bure haimaanishi nzuri

Kuna majarida ya uongo, yanachukua pesa za mwandishi na kuchapisha chochote bila mtu kukisoma. Kwa msomaji ni bure na yanaonekana safi tu. Kama hulijui jarida, litafute DOAJ, ile orodha ya majarida huria iliyoanza 2003, na ukikosa huko uwe mwangalifu sana. Makala za medRxiv, tovuti ya makala za awali, bado hazijapitiwa na wataalamu, wakati wa mlipuko zinasaidia kwa sababu zinakuja haraka, ila usibadilishe dozi ya mtu kwa ajili yake.

Pia angalia kama makala imeondolewa. Mei 2020 Lancet yenyewe ilitoa makala kubwa juu ya hydroxychloroquine na Covid, nchi zikaanza kubadilisha mipango, na mwanzoni mwa Juni ikaondolewa kwa sababu data zake hazikuweza kuthibitishwa. PDF iliyoko kwenye simu yako haitakwambia hilo. Fungua rekodi yake PubMed, kama imeondolewa kuna onyo juu kabisa.

Kwa kutunza tumia Zotero, haina malipo, inakupangia makala, inakuandikia marejeo ya ripoti, na ina uwezo wa kukutafutia PDF ya bure na kukuonya makala ikiondolewa. Kwa kugawana na wenzako angalia leseni mwanzoni mwa makala. Ukiona CC BY unaweza kuiprinti, kuibandika ubaoni kituoni, kuirusha kwenye group, hata kutafsiri jedwali kwa Kiswahili au Lugbara kwa ajili ya VHT wako, ili mradi umtaje mwandishi na useme umeibadilisha. Ile ya Hinari isiyo na leseni hiyo usitume faili nje ya taasisi, tuma jina na linki, na mwenzako aingie kwa paswadi ya kwake.